Mwalimu Nargiza na Nusu ya Pili ya Neno

Ndugu, majirani na waombolezaji, marehemu Nargiza Bukhrashvili alizaliwa hapa Gurjaani, mkoa wa Kakheti, tarehe 3 Machi 1951, akasoma hapahapa, kisha chuo kikuu Tbilisi, na kuanzia 1973 hadi 2011 alifundisha Kijojia, akiingia darasani na mkate mkono mmoja na chumvi mkono wa pili, akiuliza, "Haya, nikiviunganisha napata nini?", mtoto mmoja akajibu, "Kiu, mwalimu!", naye akacheka mpaka akakaa chini, ndipo akawaeleza kwamba katika Kijojia maneno hayo mawili huunganishwa kuwa moja, mkate-chumvi, maana yake karamu ya mgeni.

Mwaka 1975 aliolewa na Otari, mtengeneza mvinyo, wakajaliwa mwana mmoja, Vakhtang, na Otari alipofariki mwaka 1993 Nargiza alisema kwamba kwa lugha yetu wanandoa huitwa mke-mume, basi ukimng'oa mmoja neno linabaki kilema.

Tarehe 14 Novemba 2023 alipata kiharusi, maneno yakamkatikia katikati, anasema "mkate", chumvi haiji, na mkwewe Teona, mke wa Vakhtang, anayewasomea historia hii, akiwahi kummalizia alifokewa, "We binti, niache nitafute mwenyewe, mimi si kichanga chako!", daktari naye akasema aachwe ajaribu, wakakubaliana Teona asitamke nusu ya pili mpaka mama apige kitanda kwa kiganja kuomba msaada.

Jumanne tarehe 6 Februari 2024, saa tatu asubuhi, Vakhtang akiwa safarini na lori, marehemu alisema "mama", akanyamaza, na kwetu mama-ardhi ni dunia, mama-mji ni mji mkuu, mama-baba ni wazazi, Teona akasimama na mwanawe mchanga begani akingoja kiganja kipige, akidhani mama anatafuta nusu ya pili, akaogopa kufokewa, akangoja dakika kumi nzima, kumbe kilikuwa kiharusi cha pili, gari la wagonjwa likaitwa likaja mbio, na saa nne na dakika arobaini akakata roho.

Daktari alipoulizwa kama dakika zile zingemwokoa alisema hajui, na Vakhtang hajaambiwa mpaka sasa anapoyasikia haya mbele ya jeneza, kwa sababu Teona ameshindwa kukaa naye kwenye chakula cha matanga huku ameficha jambo hili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kukesha, na walimu wenzake waliombeba.

Pumzika, Mama Nargiza, na umsamehe aliyekutii.