Barua Niliyoikalia

Sogeeni wanangu, sogeeni zaidi, sauti yenyewe imebaki ya kuazima. Binti yangu, weka hiyo simu chini. Na wewe kitindamimba, kaa hapa kitandani nikushike mkono, maana nitakayoyasema yatakuuma wewe kuliko wote.

Nyumba ni yenu wawili, msije mkanitia aibu kwa kuigombania. Nililowaitia ni hili sanduku la bati chini ya kitanda.

Mnajua nilivyoshinda miaka minne wodi ya watoto nikichunguza dawa ya degedege. Muuguzi tuliyemwita Mama Mizani ndiye aliyenipimia uzito watoto mia tatu, mmoja mmoja, akiandika kwa mkono wake. Hesabu nikazifanyia ofisini kwangu, nikaona kipimo cha siku zote ni kikubwa mno kwa mtoto aliyekonda. Jarida kubwa likaikubali makala, nami kwa kiherehere nikatia sahihi fomu yao bila kuisoma, mimi niliyekuwa nawafokea wanafunzi kwa kuruka mstari mmoja! Tangu hapo makala ikawa mali yao, asiyelipa hasomi. Mama Mizani akaniandikia: “Profesa, naomba ile makala yetu, huku wodini haifunguki.” Alisema yetu. Nami barua nikaikalia. Nilijiambia fomu hainiruhusu, nitamjibu wiki ijayo. Kumbe nilikuwa nangoja kupandishwa cheo, sikutaka matata na jarida.

Miezi saba baadaye mjukuu wangu, mwanao kitindamimba, akalazwa pale pale, amekonda kwa kuhara, akashikwa na degedege. Mama Mizani akampa dawa kwa kipimo kilichobandikwa ukutani, kile cha zamani. Mengine mnayajua. Mlimtukana yule mama mbele ya jeneza, akainamisha kichwa, na mimi nimesimama hapo hapo, nikanyamaza. Miaka tisa nimenyamaza, mwanangu. Usiuvute mkono wako... Haya, uvute. Una haki.

Binti yangu, najua makala yako iko tayari, na jarida lile lile linaitaka, na uprofesa unakuchungulia. Cheo ni kitamu, sikudanganyi. Lakini ipeleke kwa wasiomtoza msomaji, na kila fomu uisome mpaka mwisho. Ndani ya sanduku mna rasimu yangu, ile ya kabla ya jarida kuihariri. Juzi mkutubi alinisomea fomu yangu: rasimu hiyo niliruhusiwa kumpa yeyote, bure. Imeandikwa ukurasa wa pili. Siku zote ilikuwa pale, jamani, ukurasa wa pili!

Iwekeni kwenye tovuti ya maktaba leo, msingoje nizikwe. Jina la Mama Mizani litangulie kwenye shukrani. Na nakala moja ichapishwe kwa herufi kubwa, macho yake yamechoka.

Nipeni maji... Basi, yanatosha.

Radhi yangu mnayo, nyote wawili, yote. Mungu awajalie kusema mapema, wakati neno bado linafaa kitu. Mimi... nimechelewa mno.

Kitindamimba, bado upo? Nimemjibu yule mama. Juzi. Yuko sebuleni tangu asubuhi, anaogopa kuingia kwa sababu yako. Nenda wewe mwenyewe... ukamshike mkono. Mwambie hakukosea yeye. Mwambie baba... baba alikuwa anajua.