Swichi Kuu Iko Chumbani kwa Mkwe

Pale Matongo, mbele ya duka la spea za pikipiki, tuna benchi letu. Kahawa anamimina Mseti, na shida za dunia tunazitatua sisi. Jana tulikuwa watatu: mimi, Olima ambaye ana wajomba Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Sirari, na haachi kutukumbusha, na Marwa wa bodaboda, tunayemwita Volti kwa sababu aliwahi kubadilisha taa ya kanisa bila kuanguka. Mara akaja Mzee Kisyeri, amenuna. Kisa chake tunakijua wote. Boksi la umeme la nyumba yake, lile lenye swichi kuu, liko ndani ya chumba anacholala mkwe wake Agustina. Zamani kilikuwa stoo. Mtoto akaoa, akapewa, kisha akaenda Mwanza kuendesha lori. Sasa Mkurya gani anaingia chumba cha mkwe wake? Swichi ikianguka, mzee anasimama uani anaita. Agustina akiwa shamba, nyumba inakaa bila umeme na mashine ya mzee ya kutotolea vifaranga inapoa. Mayai ya kwanza yaliharibika yote hivyo hivyo. Mengine yamo ndani sasa hivi, na yakiharibika hayo pia, mzee anasema anaacha ufugaji.

Mzee Kisyeri: Nimechoka. Boksi linahama. Fundi anakuja leo kutoka Tarime.

Volti: Fundi wa nini, tata, na mimi nipo? Unashusha swichi kuu, unakata nyaya, unaunga na tepu, unafukia ukutani. Kahawa haijapoa, umemaliza.

Mimi: Volti, tukuzike upande gani wa barabara?

Olima: Omera, mnajisumbua bure. Kwetu upande ule tungetoboa ukuta tu. Mzee anakaa sebuleni, anapitisha fimbo, anasukuma swichi juu. Kwisha hiyo maneno.

Mzee Kisyeri: Na hilo shimo linatazama wapi?

Olima: Kitandani.

Mzee Kisyeri: Mura, unataka nilaaniwe?

Hapo nikaona nafasi yangu. Mimi nikisema, huwa nasema kitu kizito.

Mimi: Waite wazee wa mila. Mbuzi achinjwe, itangazwe mbele ya watu kwamba kuanzia mguu wa kitanda kwenda ukutani si chumba tena, ni uwanja. Mzee anapita uwanjani, nani atamuuliza?

Volti: Na Agustina akiwa anavaa nguo hapo uwanjani?

Mseti alicheka mpaka akamwaga kahawa ya Olima. Mimi sikucheka.

Mzee Kisyeri: Kelele! Nimeshaamua. Linahamia chumbani kwangu, juu ya kitanda changu. Nikinyoosha mkono tu, nimewasha.

Tulishangilia, Volti akapiga benchi kwa ngumi. Hata Olima alikubali, na Olima hakubali kitu kilichotoka upande huu wa mpaka.

Bodaboda ikasimama. Akashuka mama mmoja na begi zito la vifaa. Ndiye Dorka, fundi umeme mwenye leseni, yule aliyekuwa akisubiriwa.

Dorka: Shikamoo, mzee. Natafuta kwa Mzee Kisyeri.

Mzee Kisyeri: Marahaba. Ndiye mimi. Boksi unalileta chumbani kwangu.

Dorka: Sawa. Sasa siku umeenda mnadani Nyanungu, swichi ikaanguka, nani anainua?

Mzee Kisyeri: Si mkwe wangu Agustina yupo?

Dorka: Ataingia chumbani kwako?

Nilitazama ndani ya kikombe changu. Volti akaanza kufuta pikipiki iliyokuwa safi. Olima, mtu wa maneno, akawa mtu wa kukohoa. Jamani, mkwe naye haingii kwa baba mkwe! Mila ile ile tuliyoibishania asubuhi nzima, na hakuna aliyeigeuza upande wa pili. Kisha mzee akacheka kwa sauti, akasimama.

Mzee Kisyeri: Korido! Liweke korido, pale anapopita kila mtu!

Volti: Basi nikashushe swichi kuu tuanze.

Dorka: Ukishusha, waya unaotoka kwenye mita kuja kwenye boksi bado una moto. Huo ndio utakuua. Watu wa umeme nimeshawaomba, wanakuja kukata kule nje. Mpaka wakate na mimi nipime, hakuna wa kugusa.

Volti alirudi kukaa, na mimi nikashukuru Mungu kwa ajili ya mama yake.

Mchana kijiwe kizima tulihamia kwa mzee. Umeme ulipokatwa, Agustina aliifunika mashine kwa blanketi, akaizungushia chupa za maji ya moto. Dorka alipima kwanza, ndipo akafungua. Nyaya zilizokuwa fupi alivuta mpya nzima. Hakukubali kuunga kitu na kukifukia ukutani. Waya wa ethi, ule unaoingia ardhini, akaufikisha kwenye boksi, akaupima. Mashine akaipa swichi yake peke yake, maana pasi ndiyo ilikuwa ikiangusha ile waliyochangia. Akaandika juu ya kila swichi ni ya wapi. Watu wa umeme waliporudisha, akampisha mzee.

Mzee Kisyeri akainua. Korido ikawaka, mashine ikaanza kuvuma, Agustina akapiga vigelegele kutoka jikoni na sisi tukampokea. Mzee akashusha. Akainua tena. Akashusha, akainua.

Dorka: Inatosha, mzee.

Mzee Kisyeri: Niache, binti yangu. Nyumba hii nimeijenga mimi, na leo ndiyo nimeiwasha.