Lugha ya Misa ya Mama Adoyo

Pale kijiweni Yamumbi, mtaa wa Eldoret, aliyefiwa huachiwa nafasi ya kati kwenye benchi, na asubuhi ile aliyeikalia alikuwa Joash, kahawa ikimpoa mkononi. Mama yake, Adoyo, angezikwa Jumamosi kando ya mumewe, palepale shambani kwao. Parokia ilikuwa imepanga misa ya Kiswahili, kwa kuwa jumuiya yao ina watu wa kila kabila. Joash alitaka Dholuo, lugha ya kwao. Katibu wa jumuiya alikuwa njiani kuja kuchukua neno lake la mwisho, na wenzake walikuwa wamemzunguka wakimpa nguvu.

— Mimi sirudi nyuma, — Joash alisema. — Watu wetu wanatoka ziwani na basi mbili. Wakae kama wageni kwa misa ya mtu wao?

— Usirudi hata hatua moja, — alisema Macharia, muuza viazi waliyemwita Waziri kwa sababu kila jambo la mtaa lilikuwa chini ya wizara yake. — Padre ni mtumishi. Anatumwa.

— Padre ni mtu wa Baringo, — alisema Javan, fundi baiskeli. Utotoni alitumikia altareni, na tangu hapo jina lake likawa Askofu. — Dholuo ataitoa wapi kabla ya Jumamosi?

— Tumfunze. Misa ni maneno yaleyale kila siku. Hata wewe ulipiga kengele na hukuwa unajua kusoma.

— Na niliipiga kwa wakati. Wewe hata mlango wa kanisa hujui uko upande gani.

— Basi tuite padre mwingine kutoka Kisumu. Wasimame wawili, mmoja aseme, mwingine atafsiri, kama mahubiri ya uwanjani.

— Na kwa mageuzo? Mkate utageuka kwa Kiswahili ama kwa Dholuo?

Waziri alifikiri kidogo.

— Kwa yule atamaliza kwanza.

— Nyinyi mmepotea, — Askofu alisema. — Iwe Kilatini. Hapo hakuna kabila litanung'unika.

— Nani ataelewa?

— Hakuna. Huo ndio usawa.

Joash alijikuta akitaka kucheka, akainamia kikombe. Hakuwa na ugomvi na padre. Alichoogopa ni shangazi zake kushuka kwenye basi na kusema kwamba Eldoret ilimchukua Adoyo akiwa hai, na sasa inamzika kwa lugha ya sokoni.

Katibu alifika, leso mabegani. Aliitwa Jeruto. Alikuwa amehamia mtaa huo juzijuzi, Adoyo akiwa tayari ni mtu wa kitandani.

— Poleni, wazee. Pole sana, Baba Apondi, — alimwambia Joash. — Tumwambie padre nini?

— Dholuo. Sibadilishi.

— Sawa, nitamwambia. — Jeruto hakubisha. — Lakini najua ataniuliza. Mama mwenyewe alikuwa anasali na lugha gani?

Waziri alimtazama Askofu. Askofu alitazama barabara. Joash alifungua mdomo, akamwona mama yake ameketi ukingoni mwa kitanda, rozari vidoleni, midomo ikicheza, kama alivyomwona kila jioni. Sauti ya mama haikumjia. Miaka yote hiyo alikuwa akimvutia mlango taratibu asimsumbue.

— Alikuwa anasali polepole, — alisema mwishowe.

Joash aliweka kikombe chini, akasimama.

— Ningoje hapa, Katibu. Msichana wangu Apondi alikuwa analala naye chumba kimoja. Yeye atakuwa alisikia.

— Na akisema ni Kiswahili? — Waziri aliuliza.

— Itakuwa Kiswahili.

— Na wale wa basi mbili?

— Nitawaambia mimi mwenyewe, — Joash alisema, akavuka barabara kuelekea nyumbani.