Mama Kipimo Anafunga Dirisha la Nne

Miaka thelathini na moja, miezi minne na siku tisa. Hesabu hiyo si yangu. Ameifanya mwenyewe kwa kalamu, akanionya nisije nikaandika "zaidi ya miaka thelathini" kana kwamba ile miezi aliiokota njiani. Ijumaa, tarehe thelathini ya mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, mwenzetu wa Dirisha la Nne, Idara ya Leseni na Ushuru wa Jiji, atastaafu rasmi. Jina lake lipo kwenye barua ya utumishi, lakini ukimuulizia kwa jina hilo hata mlinzi wa getini atakukodolea macho tu. Ulizia Mama Kipimo, utaonyeshwa njia na watu watatu kwa mpigo.

Alianza kama karani wa masijala, akipanga majalada katika chumba chenye feni moja iliyopuliza upande wa ukutani. Baada ya miaka miwili akahamishiwa kaunta. Enzi zile kaunta ilikuwa adhabu, wala tusidanganyane. Hakuna binadamu anayeamka asubuhi akiwa na hamu ya kulipa ushuru, na wote wanaokuja kwetu huja wamenuna. Yeye akaipenda! Tulimshangaa, wengine tukamwona ana lake jambo.

Alikuwa na mtindo wake. Sisi tulisukuma fomu chini ya kioo na kuita anayefuata. Yeye hakumpa mtu fomu mpaka amwambie anafanya kazi gani na anaifanyia wapi. Hapo ndipo mambo yalipofumuka. Mchora nembo mmoja, asiye na duka wala kibao, aliapa kwamba leseni haimhusu kwa sababu hana mlango wa kufungua. Akaelezwa taratibu kwamba jiji halilipishi mlango bali biashara, na kwamba anayelipwa kwa kazi ya mikono yake anafanya biashara hata kama anaifanyia sebuleni akiwa na kandambili. Mpiga picha wa harusi naye alikuja na kikokotoo, ameshatoa mafuta ya gari, betri na nauli ya msaidizi, anataka atozwe kwa kilichobaki. Akaambiwa kwamba faida huulizwa na watu wa kodi ya mapato, jengo lingine kabisa. Ushuru wetu sisi hutazama mauzo yote kabla hujatoa hata senti. Mpiga picha alikasirika. Mwaka uliofuata alirudi na daftari la mauzo limeandikwa siku kwa siku, akapanga foleni hapo hapo dirisha la nne, wakati la pili halikuwa na mtu.

Mtafsiri wa nyaraka ndiye aliyetuvunja mbavu. Alikiri kwamba hufanyia kazi kitandani, akauliza kama kitanda nacho kihesabiwe. Mama Kipimo alifikiri kwa makini, kisha akamshauri anunue meza, maana asingependa kumwandika mkewe kuwa sehemu ya biashara.

Sasa nisimulie jambo lenyewe, ambalo wengi wenu mnalijua nusunusu.

Fomu yetu ya zamani ilikuwa na swali fupi: ukubwa wa eneo la biashara. Ada ya leseni hupanda kadiri mita za mraba zinavyopanda. Basi waliojiajiri majumbani walikuwa wakijibu kwa fahari. Waliandika nyumba nzima, wengine na ua, mmoja akaongeza na banda la kuku. Nani anataka biashara yake ionekane kijibiashara mbele ya serikali? Nasi tuligonga muhuri bila kuuliza.

Miaka kumi na tisa iliyopita, siku ya Jumatatu, alikuja mshonaji mmoja mwenye hati ya madai mkononi. Kwa ukubwa aliouandika alikuwa amewekwa daraja la viwanda vidogo. Alipewa siku saba. Asipolipa, vyerehani vyake viwili vingefungiwa kwa utepe mwekundu. Vyerehani hivyo ndivyo vilivyolisha watoto wanne, na kulikuwa na sare sitini za shule alizokwishapokea malipo ya awali. Hakulia, wala hakutukana. Aliweka ufunguo wa nyumba yake juu ya kaunta, akasema ofisi ije basi izishone zile sare yenyewe.

Mama Kipimo alifunga dirisha saa ya mapumziko, akafuatana naye kwa miguu. Aliazima tepu ya mshonaji huyo huyo, akapiga magoti sakafuni, akapima. Vyerehani viwili na meza ya kupigia pasi: mita sita na nusu. Fomu ilisema tisini na nne.

Alirudi ofisini akiwa anachekelea, akijua kesi imekwisha. Akafungua jalada. Pembeni mwa fomu, kwa mwandiko wake mwenyewe, palikuwa pameandikwa: nyumba yote. Ni yeye aliyemwelekeza mshonaji hivyo. Kwa miaka minne, tangu apewe Dirisha la Nne, alikuwa amewaelekeza hivyo wote wa majumbani, kwa kuwa na yeye alielekezwa hivyo na aliyemtangulia, naye hakuwahi kuifungua sheria ndogo yenyewe. Alasiri ile akaiazima masijala, akaisoma. Ukurasa wa kumi na moja unasema wazi: sehemu inayotumika kwa biashara. Basi.

Wiki hiyo hiyo kulikuwa na nafasi ya mkuu wa kitengo. Majina yaliyobaki yalikuwa mawili, lake na langu, na kamati ilikuwa ikae Ijumaa. Kila mtu alijua kiti ni chake. Angeweza kumwombea mshonaji punguzo kimyakimya, kama hisani, na maisha yangeendelea. Jumatano akapeleka barua ya ukurasa mmoja: kosa ni langu, na hawa hapa ni wengine mia moja arobaini na watatu waliotozwa zaidi kwa sababu yangu.

Vyerehani havikufungiwa. Sare sitini zilitoka kwa wakati, na mshonaji akalipia mita zake sita na nusu. Wale wengine, Mama Kipimo aliwapitia nyumba kwa nyumba kwa miezi minane, tepu mkononi, na walichozidisha kikahesabiwa kwenye leseni ya mwaka uliofuata. Jina lake lilizaliwa huko. Fomu nayo ilibadilishwa. Leo swali lile lina mistari mitatu na mchoro.

Kiti nilipewa mimi. Kamati ilisema haiwezi kumpandisha mtu aliyeungama makosa mia moja arobaini na manne ndani ya wiki moja. Jumatatu yake aliingia ofisini kwangu kabla ya mtu mwingine yeyote, akaniambia meza imekaa vibaya, nitaharibu macho, akaisogeza mwenyewe hadi kwenye mwanga.

Yapo mengine mengi ya kumshukuru. Darasa la Alhamisi pale koridoni, kwenye benchi mbili, alilianzisha yeye bila kuomba bajeti: tunza risiti, andika mauzo kila siku, na ukiacha biashara njoo useme, kwani leseni haifi yenyewe. Makarani wote wapya wamepitia mikononi mwake, na wote wamewahi kurudishiwa kazi yenye sifuri iliyozidi. Mumewe, fundi wa majokofu, ametuonya kwamba tunamrudishia mtu anayesoma hata masharti ya nyuma ya tiketi, na kwamba wajukuu wameshaanza kujificha.

Limebaki moja, na hili hakuna alijuaye ila yeye na mimi.

Kitabu cha sheria ndogo hutolewa masijala kwa kutia saini. Siku ile alipokiazima, saini iliyokuwa juu ya yake kwenye daftari ilikuwa yangu, ya mwaka mmoja kabla. Nilikuwa nimeusoma ukurasa wa kumi na moja. Nililiona kosa, nikanyamaza, nikajiambia kwamba dirisha lile si langu. Aliiona saini yangu. Angeitaja kwenye barua, mstari mmoja tu, tungezama wote wawili. Hakuitaja. Hakuitaja siku ile, wala siku aliyosogeza meza, wala katika miaka kumi na tisa niliyokaa juu yake nikitia saini likizo zake.

Nimeona haya muda mrefu, mama. Nisamehe. Nakala ya karatasi hii nimeipeleka utumishi leo asubuhi, iwekwe kwenye jalada langu, ukurasa wa mwanzo.

Kwa niaba ya ofisi nzima, asante. Mungu akupe afya, na siku ndefu za kuamka bila saa ya kengele, na nyumba yenye vicheko. Na kwa niaba yangu peke yangu, asante tena.