Mama Mbeleko na Duka Lililovaa Sura Yake

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, sogeeni karibu na redio. Aliyebeba mtoto amshike vizuri. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye kwa miaka kumi na saba kazi yake ilikuwa moja tu: kuhakikisha watoto wa watu hawaanguki.

Alikuwa fundi cherehani. Mtaani walimwita Mama Mbeleko, na jina hilo lilimeza majina yake mengine yote. Hata mumewe, mtunza stoo mstaafu, alimwita hivyo. Mama Mbeleko alifariki Jumanne iliyopita, mchana, akiwa kazini. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu.

Niwaeleze kwanza alichokuwa akishona, maana mengine yote yanatoka hapo. Ni kitambaa kirefu cha pamba, kinapita begani, na ncha yake inaingia kwenye pete mbili za chuma. Unavuta ncha, kinakaza. Mtoto anakaa kifuani kwako, mikono yako iko huru. Uzito wote wa mtoto unabebwa na zile pete mbili. Nitarudia, wasikilizaji. Uzito wote wa mtoto unabebwa na pete mbili.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja cha mbele, mlango ukitazama barabara, cherehani ya miguu chini ya dirisha. Juu ya mlango wa ndani alikuwa amegongelea ndoano nene. Kila mbeleko iliyokwisha ilitundikwa pale na kutiwa mfuko wa mchanga wa kilo thelathini. Ilikaa hapo siku nzima. Ikichomoka hata uzi mmoja, inafumuliwa.

Mumewe aliniambia, "Ukienda kunywa maji unapishana na mfuko. Ukirudi unapishana na mfuko. Siku moja nikamuuliza, mke wangu, mtoto gani ana kilo thelathini? Akanijibu, wewe hujaona watoto wa siku hizi."

Miaka minne iliyopita, binti wa kaka yake, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alimfungulia duka kwenye soko la mtandaoni. Ni yale masoko makubwa ambamo mtu wa hapa anamuuzia mtu wa mbali asiyewahi kumwona. Mwalimu alimpiga shangazi yake picha moja, ameketi kwenye cherehani, mbeleko nyekundu begani, anacheka. Chini yake wakaandika, "Nimeshona kwa mikono yangu. Mbebe kwa amani."

Haikuwa rahisi. Mbeleko kumi na moja zilikwama forodha ya nchi nyingine siku arobaini, kwa sababu kwenye fomu aliandika "kitambaa" badala ya "kifaa cha mtoto". Mteja mmoja alikasirika na kumpa nyota moja, ingawa mzigo ulichelewa bandarini, si mikononi mwake. Lugha za wateja alizisoma kwa mkalimani wa kwenye simu. Mmoja aliuliza kama mbeleko inafuliwa kwa mashine. Mama Mbeleko akamwandikia, "Mimi hufua kwa mkono, ila mashine yako ikiwa na adabu, haina neno." Mkalimani akatafsiri, sijui vipi, na yule mama akaagiza tatu.

Kwa miaka mitatu mambo yalikwenda. Mbeleko zake zilifika nchi ambazo hata mwalimu ilibidi azitafute kwenye ramani.

Kisha ikaja barua ya shukrani.

Ilitoka kwa mteja wa mbali. Ilisema, "Asante, fundi, ile ya buluu imependeza sana." Mama Mbeleko aliisoma mara mbili. Akamwita mwalimu. "Mwanangu, hebu soma. Mimi nimewahi kushona ya buluu lini?"

Hakuwahi. Kitambaa cha buluu hakikuwamo karakana ile tangu duka lifunguliwe. Walidhani mteja amekosea. Wiki iliyofuata akashukuru mwingine. Naye alisema ya buluu.

Mwalimu akaingia sokoni kutafuta, na akaikuta. Duka lenye jina lilelile. Picha ileile, ya shangazi yake anacheka kwenye cherehani. Maneno yaleyale, "Nimeshona kwa mikono yangu. Mbebe kwa amani." Nusu ya bei. Rangi tisa. Na kando ya jina, alama ndogo ya kijani inayosema muuzaji huyu amethibitishwa.

Duka la Mama Mbeleko mwenyewe halikuwa na alama hiyo.

Walipeleka malalamiko. Jibu lilirudi baada ya dakika tatu. Dakika tatu, wasikilizaji. Lilisema, "Tumepitia malalamiko yako kwa makini. Hatukuona ukiukaji wowote." Wakaandika tena, wakaomba kuongea na mtu. Wakajibiwa kwamba ili kusikilizwa, fundi athibitishe yeye ni nani. Alete hati ya alama ya biashara iliyosajiliwa nchi wanakoishi wateja. Alete na uthibitisho wa anwani wenye namba ya nyumba. Mtaa wake hauna namba za nyumba. Pale unaelekezwa kwa msusi, halafu mlango wa pili.

Wakati wanahangaika na karatasi, duka la pili likamshtaki yeye. Asubuhi moja alifungua simu akakuta ujumbe. "Duka lako limefungwa. Umebainika kuuza bidhaa bandia zinazoiga muuzaji aliyethibitishwa."

Mwalimu anasema shangazi yake hakulia. Alisimama, akaenda kwenye kioo kilichokuwa ukutani kwa ajili ya wateja kujipima, akajitazama. Akasema, "Kwa hiyo bandia ni mimi."

Angeweza kuishia hapo. Wateja wa mtaani alikuwa nao, na mikono ilikuwa mizima. Lakini mwezi mmoja baadaye ilipigwa simu kutoka nchi ya mbali. Mpigaji alikuwa mama kijana, na mwalimu ndiye aliyetafsiri. Namba aliipata kwenye lebo iliyoshonewa ndani ya mbeleko halisi ya rafiki yake. Ya kwake alikuwa ameinunua kwenye lile duka la pili, na alikuwa anateremka ngazi na mtoto wa miezi mitano kifuani. Pete ikakatika. Ilikatika vipande viwili, na mtoto akaangukia ngazi ya nne.

Mtoto alipona. Mkono ulivunjika, akalazwa siku tisa. Lakini yule mama hakupiga kushukuru wala kuomba. Aliuliza swali moja tu. "Fundi, mbona ulicheka kwenye picha?"

Mume wa Mama Mbeleko anasema tangu siku ile mke wake hakula vizuri.

Fundi akaagiza mbeleko kutoka kwenye lile duka, kwa jina la mwalimu. Ilifika baada ya wiki tatu, imekunjwa vizuri, inanuka gundi. Ndani mlikuwa na kadi yenye picha yake na maneno kwamba ameishona kwa mikono yake. Alichukua ufunguo, akaikwaruza pete. Rangi ya fedha ikabanduka. Chini yake palikuwa na plastiki nyeupe.

Akaitundika kwenye ndoano. Akatia mfuko wa mchanga, na safari hii si wa kilo thelathini, wa kilo nane tu. Uzito wa mtoto wa miezi mitano. Mwalimu alikuwa anarekodi kwa simu. Msusi wa jirani alikuja kutazama, na kitana bado kiko mkononi. Aliniambia, "Tulikaa tunautazama kama tuko hospitali. Nikadhani itashika. Dakika ya sita ikalia pah! Mfuko ukapasuka, mchanga ukatumwagikia miguuni. Mama Mbeleko akasema, huyo ni mtoto wa mtu."

Waliiweka video kwenye maoni ya lile duka. Ikafutwa. Wakaiweka tena. Ikafutwa, na akaunti ya mwalimu ikafungwa. Fundi akawaandikia wateja wake wa zamani mmoja mmoja, akiwaomba wawaambie wenzao. Wengine walijibu. Wengine walidhani ndiye tapeli.

Na hapa, wasikilizaji, sina budi kusema la kwangu. Mama Mbeleko alipiga simu hapa kituoni. Nilipokea mimi. Alizungumza dakika chache, kwa adabu, akasema kuna watoto wataanguka. Nilimwambia, "Mama, tutakupigia." Niliandika namba yake kwenye karatasi. Sikumpigia.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Siku chache baada ya video, lile duka lilibadilisha picha. Ilikuwa picha mpya, ambayo mwalimu hakuipiga. Mama Mbeleko amesimama mlangoni mwa karakana yake, amevaa gauni la maua alilolivaa wiki ileile. Ameshika mkasi. Anaangalia pembeni, hajui anapigwa picha.

Wiki iliyofuata ikawekwa nyingine, imepigwa kwa karibu zaidi. Safari hii ndoano ilionekana nyuma yake.

Hapo ndipo kitu kilivunjika ndani yake. Alifunga mlango wa barabarani, akaweka pazia dirishani, akawa anashona kwa taa mchana. Mteja akitoa simu mfukoni, fundi ananyamaza. Msusi alikatazwa kuingia na simu. Kliniki ya presha aliacha kwenda, maana hakutaka karakana ibaki bila mtu hata saa moja. Vidonge vikaisha. Hakufuata vingine.

Na Jumapili moja alimgeukia mwalimu. Mwalimu alinieleza haya akiwa ametazama sakafu. "Shangazi aliniuliza, 'Ni wewe?' Nikamwambia, shangazi, mimi? Akasema, 'Picha ya kwanza ulipiga wewe. Duka ulifungua wewe. Nani mwingine anaingia humu?' Nikachukua mkoba wangu nikaondoka. Nilijua akipoa ataniita. Nilisubiri aniite."

Hawakuzungumza tena. Jumanne, kama saa nane mchana, msusi alisikia cherehani imenyamaza kwa muda mrefu. Akabisha. Akamwita mume, wakafungua. Mama Mbeleko alikuwa ameinamia kitambaa, mguu bado uko juu ya pedali. Daktari alisema ni kiharusi, kilichotokana na presha. Hayo ndiyo aliyosema daktari, nami siongezi.

Msibani alikuja mwendesha pikipiki anayechukua vifurushi. Alikuwa akija karakanani kila wiki kwa miaka mingi, mtu wa salamu na utani. Alimwomba mume wasogee pembeni. Akasema kuna mtu alimpigia simu, sauti nzuri, akajitambulisha kama mteja wa ng'ambo anayempenda sana fundi. Alimwomba picha za kumshangaza siku ya kuzaliwa kwake, akamtumia kifuta jasho kidogo. Naye akapiga, na akatuma.

"Nilidhani namfurahisha," akasema. "Naapa, mzee, nilidhani namfurahisha."

Mume akamwambia, "Kamwambie binti yangu. Mimi usiniambie. Kamwambie yeye." Akamwelekeza kwa mwalimu, aliyekuwa ameketi mwisho kabisa, peke yake, kwa sababu aliona hana haki ya kukaa mbele. Mwendesha pikipiki akaenda akamwambia. Mwalimu alilia kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Wanawake wakamnyanyua, wakampeleka mbele akakae na familia.

Mazishi yalikuwa Alhamisi. Ijumaa mwalimu aliazima simu ya mwenzake, akaingia kwenye lile duka kama mteja mpya. Akaandika, "Hujambo, fundi? Uko salama?" Jibu lilikuja haraka, kabla hajaweka simu mezani.

"Sijambo, mpenzi. Niko salama kabisa. Leo nashona ya mwanao. Unapenda rangi gani?"

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa mume wa marehemu, kwa watoto wake wawili wa kiume, na kwa mwalimu, binti wa kaka yake, ambaye hakumsaliti shangazi yake. Nasema hilo hewani ili lisikike: hakumsaliti. Nawapa pole pia kwa sababu ya ile simu. Mimi ndiye niliyesema nitapiga.

Ninawaomba jambo moja. Mwenye mbeleko ya pete nyumbani, iliyotoka mtandaoni, achukue ufunguo aikwaruze sasa hivi, kipindi hiki kikiwa bado hewani. Rangi ikibanduka, usimbebe mtoto nayo, hata kwa hatua tatu. Na ukinunua kitu kwa sababu ya sura uliyoiona, jiulize ni nani hasa amesimama nyuma yake.

Kabla sijaingia studio nimeufungua tena ukurasa ule. Bado upo, na alama ya kijani ipo. Yule mama amesimama mlangoni na mkasi wake, anaangalia pembeni. Chini ya picha pameandikwa kwamba watu kumi na tisa wanaitazama bidhaa hii kwa sasa.

Kama wewe ni mmoja wao, huyo unayemwona tulimzika Alhamisi.