Ondoeni Kwanza Chokaa

Sikilizeni, wanangu, sogeeni karibu, Herbert vuta hicho kigoda uketi, Rasto ondoka dirishani unaniziba mwanga, na wewe Metrine acha kunipangusa uso kila mara kama sahani, maana jasho hili la leo si la ugonjwa, ni la furaha, na furaha kwa mtu wa umri wangu ni kazi nzito. Nasema Kiswahili, si Kisamia, kwa sababu wake zenu wametoka pande tofauti, na majirani wamejaa hapo barazani wakijifanya hawasikii, na sitaki baadaye huyu aseme Benedeta Nangila alisema hivi na yule aseme alisema vile. Najua ninakwenda. Padri amekuja kutoka Dabani, amenipaka mafuta, hilo limekwisha. Lakini kabla sijakwenda nimeletewa habari ambayo sikuitegemea, na nikifa bila kuisema nitafufuka kwa kuwashwa ulimi: nyumba yetu ni nzima! Fundi Maloba ameipima jana na leo, sasa hivi ameenda hotelini kunywa chai, na ameniambia kwa kinywa chake kupitia dirisha hilo, "Mama, nyumba hii itawazika wengi."

Nikamwambia aanze kunihesabu mimi. Akacheka, na mimi nikacheka mpaka Metrine akaleta maji.

Nyumba tunaiuza, hilo tulikubaliana na sitalirudia. Mimi nitalala Dabani kando ya baba yenu, Metrine ana mji wake Petta, Rasto riziki yake iko Malaba kwenye malori, na Herbert amechoka kuishi mjini akisikia honi badala ya jogoo. Nyumba isiyolaliwa na mtu hulaliwa na popo. Shamba la Dabani ni la watatu, nasema watatu. Metrine atachukua upande wa chini wenye mihogo, na asiyetaka dada yake alime pale aseme sasa ningali nasikia. Haya, limepita. Na ile sufuria kubwa iliyoko jikoni si yetu, ni ya kina mama wa kanisa, irudishwe ikiwa imesuguliwa mpaka chini, wasije wakasema Nangila alikufa na masizi ya watu.

Sasa niseme la nyumba. Edeku alipokuja baada ya Pasaka na mkewe Asekenye, wakasema wanaitaka, niliwaona ninyi wawili wanaume mnavyotazamana. Ule ufa wa sebuleni, unaoshuka kutoka kwenye paa mpaka karibu na dirisha, ulikuwa umewanyima usingizi. Herbert, wewe ulikuwa umeshaamini nyumba inapasuka tangu kwenye msingi, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, ukaniambia kwa upole wako, "Mama, tuchukue chochote atakachotoa, tushukuru Mungu." Rasto yeye hakungoja hata kushukuru. Alirudi kutoka Malaba na chokaa, akapaka ukuta ule mara mbili, ukang'aa kama shati la kipaimara, akaja hapa akisugua mikono akaniambia, "Mama, sasa tumeziba."

Mwanangu, hukuziba. Ulipaka. Wazee waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa wanazungumza juu ya brashi. Kuziba ni kutia kitu ndani ya shimo, na huwezi kukitia kabla hujajua shimo linaanzia wapi na nani analilisha, na anayepaka juu anajificha mwenyewe tu, kwa maana mficha maradhi kifo humuumbua, nami nina haki ya kulisema hilo kuliko mtu yeyote chumbani humu.

Ndiyo maana nilimwita Maloba. Nakumbuka mlivyoshangaa. Herbert ulisema, "Mama, tangu lini mwenye mali akaitafutia mali yake kasoro? Si kazi ya mnunuzi hiyo?" Ni kazi ya mnunuzi, ndiyo, na ataifanya. Nimeuza samaki wakavu hapa mpakani miaka yote mliyonijua, na mnunuzi hodari hakuwahi kuniambia samaki wangu wazuri. Aliingiza mkono chini kabisa ya kapu, akatoa mmoja aliyevunjika kichwa, akamwinua juu watu wote wamwone, na kwa sababu ya huyo mmoja akataka kapu zima kwa bei ya takataka. Basi nikajifunza kulipekua kapu mwenyewe nyumbani kabla jua halijatoka. Aliyevunjika nilimweka juu, nikasema huyu amevunjika, mchukue kwa nusu, na wengine wote ni wazima, ingiza mkono utafute. Mikono ilirudi mitupu, na bei ikabaki yangu. Kasoro aliyoiona mnunuzi kwanza ni fimbo yake ya kukupigia, lakini uliyoiona wewe kwanza utaitengeneza ukitaka, au utaitaja na kuikatia bei yake mwenyewe, na hakuna wa kukutisha nayo.

Maloba mnamjua, si mtu wa kunyamaza. Amejenga Tororo nyumba za watu wakubwa na hawezi kula matonge mawili bila kuwataja. Amemaliza kuku wangu mmoja peke yake. Lakini alipoingia sebuleni neno lake la kwanza lilikuwa, "Ondoeni kwanza chokaa," na Rasto akakwangua alichopaka, uso umekunjamana, nami nikiwa hapa nasikiliza ile sauti ya kukwangua kama mtu anayesikiliza harusi. Halafu Maloba akaning'iniza timazi lake, akasubiri uzi utulie. Ukuta umesimama wima, wanangu. Haukuinama hata unene wa ukucha! Akachimba pembeni mpaka kwenye msingi, akakuta mawe yamekaa. Akapanda darini, akagonga kenchi moja moja, mvule mtupu, mbao mbili tu juu ya jiko ndizo zinataka kubadilishwa. Na ule ufa mliouogopa, ule ambao Herbert alikuwa tayari kuigawa nyumba kwa ajili yake, ni maji. Mfereji wa bati umekatika kwenye kona, maji ya paa yote yanamwagikia hapo, plasta imelowa na kukauka na kulowa tena mpaka ikaachana. Ni plasta tu! Rasto amepanda mchana huu akaufunga mfereji kwa mkono wake, na ufa Maloba ataukwangua na kuujaza saruji kabla ya Jumamosi. Mngeuza nyumba nzima kwa bei ya gofu kwa sababu ya kipande cha bati. Nikifikiria hivyo nataka kuinuka nicheze, miguu ndiyo imekataa.

Jumamosi Edeku akija msimwachie atafute. Mpelekeni ninyi wenyewe. Mwambieni mbao mbili juu ya jiko ni mbovu, choo kinakaribia kujaa, shimo jipya lichimbwe kabla ya masika, ufa ulikuwa huu na sababu yake ilikuwa ile. Kisha tajeni bei yenu mkiwa mmesimama wima kama ukuta ule, na mnyamaze.

Lakini Rasto, bado sijamalizana nawe, nipe mkono wako, nimeona unatazama chini. Najua kwa nini ulipaka. Haikuwa bei tu. Siku ile Edeku alipoondoka nilikusikia uani ukimwambia kaka yako, "Huyu ni mtoto wa Ikiring. Wacha na yeye anunue na macho yake." Maneno hayo hukuyatunga wewe, wewe hukuwa umezaliwa. Ni maneno ya Ikiring mwenyewe. Baba yenu, Mungu amrehemu, aliinunua nyumba hii kwake mwezi wa kiangazi, ikiwa nyeupe pe, mpaka tukaona aibu kuingia na vumbi la miguu, na mzee yule alituzungusha akicheka, akitusifia milango. Nyumba njema si mlango, lakini nani alikumbuka. Mvua ya kwanza ukuta wa jiko ukalala chini pamoja na chokaa yake yote, na chini ya ukuta alikuwa Metrine, mtoto wa kutambaa. Mkono huu usionyooka, hakuzaliwa nao hivi. Baba yenu alipomfuata Ikiring akajibiwa kwamba alinunua na macho yake, na tangu hapo hawakupeana hata maji mpaka wote wawili wakazikwa. Jiko tulilijenga upya kwa matofali ya kuchoma, na ile mvua ya mwaka wa sitini na moja, iliyobeba madaraja, haikulitikisa.

Kwa hiyo hasira yako naijua, Rasto, nimeilea mwenyewe kabla yako. Na wewe Metrine, mwenye kovu usidhani kapoa. Nilikuona siku ile Edeku alipokusalimia ukampa mkono wa kushoto, ule mzima. Wewe ndiye mwenye kisasi kama kisasi kipo, ndugu zako wanakiazima tu. Basi nikuulize mbele yao: nyumba ikianguka, itamwangukia nani? Ikiring yuko ardhini, hakuna ukuta utakaomfikia. Edeku mchana kutwa yuko Malaba anabishana na madereva. Atakayekuwa chini ni yule anayetambaa, yule aliyeletwa na Asekenye mgongoni akala ndizi yangu yote akanipaka mate. Unakitaka kisasi hicho? Unatikisa kichwa. Nilijua. Mmesikia dada yenu? Kisasi kimekufa leo, kimetangulia kaburini, na mtu asikifukue.

Nipe maji. Kidogo tu. Asante, mama.

Sasa, kuna neno moja limebaki, na mtanivumilia kwa sababu sauti inanikimbia. Maloba amepima sebule, jiko, dari, choo, na chumba cha watoto. Hiki hakuingia. Mlimzuia mlangoni, nilisikia, Herbert ulimwambia, "Mama amelala humo, na mganga wa zahanati amekataza asisogezwe, andika tu kwamba vyote ni vizuri." Ulifanya kwa heshima, na heshima nimeipokea. Lakini mimi sikuwa nimelala. Nimelala ubavu huu tangu kwaresma, sikio langu liko ukutani, na mchana, soko likitulia, watu wakienda kula, nasikia kitu kinatafuna. Tik, tik, tik. Mchwa, wanangu. Wako hapa nyuma ya kitanda, wanapanda kutoka chini, na juu yao ndiko mbao za paa zinakokaa. Sikuwaambia kwa sababu nilipenda kufia mahali hapa, kitandani pa baba yenu, na nikafikiri mchwa watangoja. Lakini Asekenye atakiweka kitanda wapi? Chumba hiki hakina upande mwingine. Ataweka hapa hapa, na mtoto atamlaza upande wa ukutani ili asianguke.

Usilie, Metrine. Zahanati imesema nisisogezwe ili nini? Nizidi siku mbili? Siwezi kuwaacha mmesimama mbele ya mtoto wa Ikiring mkisema vyumba vyote ni vizuri, na kimoja nimekilalia mimi.

Rasto, kimbia ukamwite Maloba, aiache hiyo chai. Herbert, shika mabegani, Metrine miguu, mkono wako huo unatosha, umenibeba tangu zamani. Nipelekeni barazani, majirani watapisha, nilaze pale nilipokuwa nikitandaza samaki, niwaone watu wakivuka mpaka. Kivuteni kitanda. Ukuta ugongwe wote, mpaka chini.

Subirini, niwabariki kwanza, pumzi ingalipo. Mungu aliyenipa ninyi awape usingizi usio na hofu ya mvua. Mlime pamoja, mle pamoja. Mkiuza, muuze kwa mdomo mweupe, na mkinunua mpate muuzaji kama ninyi. Watoto wenu wawazike, msiwazike wao. Baraka ya baba yenu, na yangu... ipokeeni kwa mikono miwili. Metrine, na wewe, huo nao unahesabiwa.

Haya. Niinueni. Taratibu... kichwa kitangulie, sijafa bado... Pinduka kidogo, Herbert, bega limegonga. Mlango huu mwembamba... na hilo nalo... mwambieni Edeku.