Njia ya Nne Iachwe Wazi

Baada ya miaka ishirini na saba katika klabu yetu ya riadha, Dada Mkeka, mtaalamu wetu wa tiba ya viungo, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Mimi mtunza vifaa nimepewa kazi ya kuandika habari zake kwa sababu stoo yangu imepakana na chumba chake, na ukuta wenyewe ni mwembamba.

Jina la Mkeka alilipata kihalali. Mgonjwa akiingia, hapandishwi kitandani kwanza. Analazwa chini kwenye mkeka, magoti juu, na Dada naye anajilaza pembeni yake, wote wawili wakitazama dari. Wageni hudhani ni uvivu. Kumbe mgongo wake mwenyewe unamsumbua tangu ujanani, na kusimama muda mrefu kunamshinda.

Alikuwa mkimbiaji wa mbio za viunzi, tena wa kutegemewa. Katika fainali yake ya mwisho, kwenye uwanja wetu huu huu, alipangwa njia ya nne. Kwenye kiunzi cha mwisho kiuno kikamshika, akaanguka, akatolewa kwa machela. Madaktari wakapiga picha, wakaona kila kitu kiko sawa. Kocha akasema anajidekeza, na yeye mwenyewe akaanza kuamini hivyo. Anasema maumivu yalimnyima usingizi, lakini kutoaminiwa ndiko kulikomvunja. Alikuwa mkali hata kwa mama yake mzazi, na akawa anapita barabara ya mbali ili asisikie uwanja ukishangilia.

Ndiyo maana alisomea tiba, na ndiyo maana hapa hafichwi kitu. Asubuhi hukaa mlangoni akiangalia watu wanavyofunga kamba za viatu. Ukipandisha mguu kwenye benchi badala ya kuinama, umekwisha, unaitwa. Mrusha mkuki wetu, pande la mtu, alijikaza kisabuni msimu mzima huku akishindwa hata kumbeba mwanawe. Alipolazwa mkekani alilia, na mimi huku stoo nikaacha kupanga viatu. Dada akamwambia maumivu yake ni ya kweli hata kama picha ni safi, kwamba woga nao hukaza misuli, na kwamba watarudi polepole. Msimu uliofuata alirusha tena. Leo mtoto anabebwa mpaka tunamwonea wivu, na baba mtu ameniruhusu niyaseme haya.

Ila Dada mwenyewe hakuikanyaga tena njia ya nne. Miaka yote ameizunguka kama mtu anayekwepa nyumba ya mchumba wa zamani. Bastola ya kuanzishia mbio ikilia, namsikia chumbani mwake akifunga dirisha. Nimelisikia dirisha hilo mara nyingi, na inauma.

Kamati, kwa nia njema, ikamnunulia sofa laini la kuzama. Sofa, kwa mtu wa mgongo. Alicheka mpaka akashika kiuno, akampa mlinzi. Kisha akaomba kitu kimoja tu: jioni ya mwisho njia ya nne iachwe wazi, aitembee mpaka kwenye utepe wa kumalizia, bila mtu kumpimia muda.

Kuanzia Julai tutafunga kamba bila wa kututazama, na sijui tutazoea vipi. Asante kwa kutuamini, Dada. Viunzi nimeviondoa mwenyewe, isipokuwa kile cha mwisho. Hicho nimekilaza chini ukivuke taratibu. Maisha yako yawe mema kuanzia hapo, na sisi sote tutakuwa ng'ambo ya utepe tukikusubiri.